Majoka mmeyaona, maneno hamkuyasikia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na gazeti lako nalinunua kwa kazi mbili, kwanza kulisoma, halafu likishapita mikononi mwa majirani na wateja wote wanaosubiri nguo zao, nalikatia paterni. Sasa juzi nimeshika mkasi, nimeshachora kola ya gauni la mpambe wa bi harusi, jicho likaangukia ukurasa wa burudani pale mwandishi wenu alipoichambua sizni ya pili ya tamthilia ya House of the Dragon, eti ni wiki nane za kupiga domo, watu wanatoka chumba hiki wanaingia chumba kile wananong'ona, majoka tunapimiwa kwa kibaba, na mwisho kabisa vita yenyewe haikuja, majeshi yanatembea, meli zinatembea, basi imeisha. Nikauweka mkasi chini. Kola ya watu ikachelewa siku nzima na mpambe akanuna, lakini nikasema hapana, hili lazima lijibiwe.

Nianze na haki yake. Hilo la kusubiri kasema kweli tupu. Sizni ya kwanza ilianza tarehe 21 Agosti 2022 na ilikuwa na episodi 10, tukakaa karibu miaka miwili tunahesabu, ya pili ikaja tarehe 16 Juni 2024 na episodi 8 tu, na vita kubwa ya majoka ndani yake ni moja, ile ya Rook's Rest kwenye episodi ya nne. Mtu kangoja miaka miwili kaletewa nusu sahani, alalamike. Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliamka usiku, maana kule Marekani wanairusha Jumapili saa tatu usiku na kwetu huku inakuwa ndo Jumatatu saa kumi alfajiri, nikatoka na tochi mpaka fremuni kwa sababu king'amuzi kiko kule, mama watoto alishakataa mambo ya majoka nyumbani, nimekaa, nimejifunika shuka, inaanza tu kunoga LUKU ikaisha. Na kwenye simu sina hata senti ya kununulia umeme. Nikakaa gizani nasikiliza majogoo mpaka adhana. Kwa hiyo habari ya machungu ya kungoja sina ubishi naye.

Ugomvi wangu na yeye uko hapo kwenye domo.

Kwa wasioifuata nieleze kidogo, na ambaye hajaangalia na anataka aje aangalie mwenyewe basi ahamie ukurasa wa michezo mpaka nimalize. Hii ni hadithi ya kabla ya ile Game of Thrones iliyosumbua dunia nzima, sizni ya kwanza inaanza miaka 172 kabla ya kuzaliwa yule Daenerys wa majoka matatu. Mfalme Viserys hana mtoto wa kiume, akamtangaza binti yake Rhaenyra kuwa mrithi, mabwana wote wakaja wakapiga magoti wakaapa. Halafu mzee akaoa tena, na aliyemuoa ni Alicent, rafiki kipenzi wa huyo huyo binti, na Alicent akazaa wavulana. Kuna mama anauza vitumbua kibarazani kwangu, huwa anaangalia amesimama mlangoni na kijiti cha kugeuzia mkononi kwa sababu moto hausubiri, siku ya kwanza aliuliza maswali mawili tu. "Yaani shoga yake kaolewa na baba yake?" Nikamwambia ndio. "Na kazaa dume?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Basi majoka ya nini tena hapo," akarudi kugeuza vitumbua vyake. Mhariri, huyo mama hajamaliza la saba lakini kawashinda nyie na nusu ukurasa wenu.

Mimi kwa ufundi wangu nilishtuka sizni ya kwanza, episodi ya tano, kwenye karamu ya harusi ya Rhaenyra. Mfalme kasimama anahutubia, mlango unafunguka, anaingia Alicent, kachelewa makusudi kabisa, kavaa gauni la kijani, mabega yamekaa sawasawa (hapo nikampa fundi heshima yake), ukumbi mzima kimya. Mtu mwingine ataona mke wa mfalme kapendeza. Lakini pembeni kuna jamaa anamuuliza ndugu yake kama anajua mnara wa Hightower, yaani kwao kina Alicent, unawaka rangi gani wanapoita watu vitani. Kijani. Hakuna aliyechomoa upanga, hakuna joka lililotema kitu, kitambaa kimetangaza vita, na huko mbele watu wakagawanyika wakaitwa hivyo hivyo kwa rangi, huku Wakijani, huku Weusi wa Rhaenyra. Sasa sisi watu wa pwani ndo tushangae nguo kusema? Mwanamke wa huku akiwa na neno na jirani yake hafungui mdomo, anaingia dukani anachambua kanga mpaka apate yenye jina linalomgusa mtu, anajifunga, anapita mbele ya mlango wa mhusika asubuhi mara mbili jioni mara moja, na mhusika naye kesho yake yuko mjini anatafuta kanga ya kujibu. Mimi nimeshapinda kanga za ugomvi nyingi tu, pea ya huyu asubuhi, pea ya yule mchana, na huwa sisomi kwa sauti.

Sasa tuje kwenye jina, na hapa mnivumilie maana naweza kuzidisha. Viserys yuko kitandani anaumwa, mwili umeoza, kanyweshwa dawa ya maumivu mpaka hajui nani ni nani, ni usiku, mke wake kakaa pembeni, yeye anadhani yuko na binti yake. Na binti alikuwa kamuuliza swali kabla, kuhusu ndoto ya babu yao wa zamani Aegon Mshindi, ndoto ya baridi itakayokuja kumaliza watu na mfalme atakayewaunganisha. Mzee akawa anajibu lile swali. Akataja Aegon, akataja mkuu aliyeahidiwa, akasema ni wewe. Alicent naye mwanae mkubwa anaitwa Aegon. Akasikia mume wake kabadilisha wosia, anataka mtoto wao wa kiume ndo akae kwenye kiti. Mzee akafa usiku ule ule, na mambo yote yaliyofuata, watoto kuuliwa, majoka kuchomana angani, yametokea hapo, jina moja lenye watu wawili.

Mwandishi wenu kaliita jambo hili "kisingizio chepesi cha kuanzisha vita." Nadhani kwao hawarithishani majina. Kwetu sisi Hamisi ni wengi na nitakueleza wametufanya nini.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kazi, na fremu hii ilikuwa yake. Alipozidiwa nilikuwa nalala kwake kumwangalia, sauti imeshakatika, analala anaamka, usiku mmoja akanishika mkono akaniambia, tena kwa ukali kidogo kama alivyokuwa akinituma utotoni, ile suti ya kijivu mpe Hamisi. Nikasema sawa mjomba. Siku ya tatu tukamzika. Suti ilikuwepo kweli, imetundikwa kabatini, kitambaa cha maana, haijavaliwa na mtu. Hamisi yupi? Kuna mzee Hamisi, mdogo wake marehemu, huyu mimi kanilipia ada na viatu vyangu vya kwanza vya shule kaninunulia yeye. Na kuna Hamisi mtoto wa marehemu mwenyewe, kapewa jina la babu yake, kijana wa rika langu, mimi na yeye tangu zamani tulikuwa hatuivi. Mimi nikasikia mzee Hamisi. Siku ya arobaini nikawaambia watu suti ya heshima ni ya mtu mzima, wakaitikia, lakini moyoni nilikuwa najua nimemsikia ninayempenda. Mtoto wa marehemu akasimama akasema wosia wa baba yake umepinduliwa na fundi. Huu mwaka wa sita hatusalimiani, tukikutana msikitini kila mtu anajifanya anatafuta viatu vyake.

Haya, sizni ya pili, episodi ya tatu, ambayo mwandishi wenu kasema alisinzia. Rhaenyra anaingia mji wa adui kwa siri, kavaa kama masista wa dini yao, mpaka ndani ya hekalu ambako Alicent anawasha mishumaa, anapiga magoti karibu yake. Wanaongea. Basi, hakuna kingine, wanawake wawili wamepiga magoti wanaongea sauti ya chini, na pale fremuni tulikuwa watu sita pamoja na mama wa vitumbua na hakuna aliyekohoa, vitumbua vya upande mmoja vikaungua. Alicent anaeleza alichokisikia usiku ule kitandani, na katika kueleza anataja maneno ambayo hayakuwa ya kwake kuyajua, maneno ya ile ndoto, na Rhaenyra ndo anaelewa, anamwambia huyo Aegon siye mwanao, ni yule babu. Mwangalie Alicent uso wake hapo. Kajua. Lakini anasema hakuna kosa lolote, na anasema imeshachelewa, majeshi yameshatoka, mume wangu kasema alichosema, anainuka anaondoka. Eti hapo "hakikutokea kitu"! Vita nzima ilikuwa imewekwa mezani pale, ingeweza kufa, na mtu mmoja kaitazama akaamua iendelee kwa sababu kukubali kosa ni kumvua mwanae taji mbele ya watu.

Mimi nilijifanya naenda kuangalia pasi.

Maana miezi mitatu baada ya msiba alikuja mtu fremuni na kikaratasi cha risiti kimekunjwa mara nne, anatokea Muheza, anaulizia oda yake. Suti ya kijivu. Kalipa nusu. Mwandiko wa mjomba. Anaitwa Hamisi. Nikafungua daftari la oda ambalo tangu msiba nilikuwa silifungui kwa uchungu, nikamkuta, kifua, mabega, urefu wa mkono, kila kitu na tarehe ya kuchukua. Kumbe mjomba hakuwa anarithisha mtu kitu, alikuwa ananituma kazi ya duka! Nikamwambia mteja arudi wiki ijayo, nikanunua kitambaa kwa hela yangu, nikashona nyingine usiku, nikampa. Na mdomo nikaufunga, kwa sababu mzee Hamisi alishaivaa Idi mtaa mzima umemuona, na mwenzangu alishasema yake, na mimi nilishajibu yangu, sasa niende kusema nini. Sijamwambia mtu mpaka leo naandika barua hii. Kwa hiyo mwandishi wenu asiniambie lile ni jambo jepesi.

Halafu kuna hao kawaita "watu wa pembeni wanaokula muda." Episodi ya kwanza Aegon, yule mtoto wa Alicent ambaye sasa ndo mfalme, kakaa kwenye kiti anasikiliza shida za raia, anakuja mfugaji, kondoo zake zimechukuliwa kulisha majoka, mfalme anataka kumrudishia, babu yake Otto ambaye ndo mkono wa mfalme, sisi tungesema waziri mkuu, anamnong'oneza kwamba ukimrudishia huyu watakuja wote. Sekunde chache tu hizo, lakini ukiona pale unajua nani anatawala. Anafuata mhunzi, anaitwa Hugh, anaomba walipwe kabla, vifaa havipatikani, na nyumbani ana mtoto mgonjwa. Fremu nzima ilinigeukia mimi ikacheka, maana kazi ya mkubwa na kuomba advansi naijua, unapewa ahadi na tabasamu. Huyo mhunzi episodi ya saba ndo anampanda Vermithor, joka ambalo kwa ukubwa linamfuata Vhagar, kubwa kuliko yote, na mwandishi wenu kauliza kwa mshangao huyu mtu katokea wapi. Katokea episodi ya kwanza ndugu yangu, akiomba hela yake, wewe ulikuwa unangoja moto.

Na wale wawili walioingia ikulu usiku wakamuua mtoto wa mfalme, mmoja askari wa mji, mwingine mkamata panya. Nani anamtazama mkamata panya? Ndo maana anavijua vichochoro vyote. Aegon kwa uchungu wa mtoto akawanyonga wakamata panya wote, wakaning'inizwa nje ya kuta mji uone, Otto akapandwa na hasira kwamba wengi hawana hatia na wana ndugu zao humo humo mjini, akafukuzwa kazi na nafasi yake kapewa mtu wa upanga. Kuanzia pale mji unaanza kumponyoka mfalme taratibu, na joka lake halina msaada wowote katika hilo. Bahari imefungwa na meli za upande wa pili, chakula kimekuwa dhahabu, halafu Rhaenyra kwa ushauri wa Mysaria, mwanamke aliyetoka chini kabisa, anapeleka boti usiku bila watu, zimejaa chakula, zina bendera zake. Mji ukaamkia ufukweni. Siku hiyo hiyo fujo ikawakuta Alicent na binti yake wakitoka hekaluni, wakaponea chupuchupu. Sasa niambie mwenyewe, joka limeshinda lini kama boti zile zilivyoshinda?

Uchawi nao kasema umepunguzwa. Hapa nitakuwa mkweli, yale ya Harrenhal yalivutwa mno, Daemon, mume wa Rhaenyra, kakaa kwenye lile gofu linalovuja episodi baada ya episodi anaota, anazunguka, anaota tena, na mimi kuna mahali nilirudi kwenye cherehani nikasikiliza kwa sikio tu. Mama wa vitumbua aliamua mapema kwamba huyu bwana kapandisha mashetani na aletewe chetezo cha ubani, shauri lake hilo. Lakini kuna picha moja humo sitaisahau. Daemon anafungua mlango, anamkuta Rhaenyra, yule wa ujanani, kakaa kitako na sindano na uzi anashona, na anachoshona ni kichwa cha mtoto aliyeuawa, anakirudishia kwenye mwili wake. Anashona polepole, kwa subira, kama mtu anayerekebisha shati la shule, na anamlaumu Daemon kwamba yeye kazi yake kuja na kuondoka, wengine ndo wasafishe. Miaka yangu yote ya sindano sijawahi kuiogopa, siku ile niliiweka mbali. Huo ndo uchawi wa hadithi hii, haulipui kitu, unamfuata mtu na alichokifanya.

Na tusijifanye hizi njama ni vitu vya Wazungu, vigeni kwetu sisi. Fumo Liyongo tumemsoma, ule utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 wa habari za zamani zaidi. Liyongo ni jitu, ni shujaa, ni mshairi, sultani anaogopa kiti chake, na kwa nguvu hakuna wa kumuweza. Basi wanafanya nini? Wanapiga domo! Wanapanga waende porini kula makoma, kila mtu apande mti kwa zamu, Liyongo akiwa juu wamfume kwa mishale, na yeye zamu yake ilipofika akabaki chini akayadondosha kwa uta wake. Wanamfunga gerezani, anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya shairi, aokwe mkate wa wishwa na tupa ndani yake, walinzi wanaudharau ule wa wishwa wanamwachia, halafu ngoma inapigwa nje, gungu limechangamka, na yeye ndani anasugua minyororo kelele zimemfunika. Mwisho wake ndo unaouma. Sultani anamtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe, anaahidiwa mke na ukubwa, kamuulize baba yako anauawa na nini. Baba anajua kabisa mwanae katumwa, anamwambia hivyo hivyo katumwa, na bado anamtajia, sindano ya shaba kitovuni. Upanga ulimshindwa Liyongo, mishale ilimshindwa, swali la mtoto likammaliza. Sasa ukiichambua hadithi ile kwa kipimo cha mwandishi wenu utasema vita ilikuwa wapi, jitu lilipigana mara ngapi, mbona muda mwingi wanaoka mikate.

Jingine dogo, kaandika kwamba watengenezaji "wameshindwa kufuata kitabu." Kitabu chenyewe, Fire & Blood cha George R. R. Martin, kilitoka Novemba 2018 na hakiko kama riwaya za kawaida, kimeandikwa kama historia ya wafalme, msimulizi anakusanya waliyoyasema watu wa zamani na hawakubaliani, huyu wa dini anasema hivi, na mchekeshaji wa ikulu anaitwa Mushroom anasema vyake vya aibu. Lile la maneno ya kitandani kusikiwa vibaya kwenye kitabu halimo, wameliongeza wao, na mimi nasema ndo mshono bora kuliko yote kwenye nguo hii. Na mwandishi wa vitabu naye hakuokota hewani, Uingereza yalitokea karibu haya haya. Mfalme Henry I mwanae wa kiume halali alizama na meli iliyoitwa White Ship mwaka 1120, akawaapisha mabwana kwa binti yake Matilda, alipokufa mwaka 1135 mpwa wake Stephen akawahi kiti, viapo vikasahaulika, wakapigana mpaka 1153 na mwaka 1154 kiti kikaenda kwa mtoto wa Matilda. Miaka kumi na nane, na majoka hayakuwepo, walitosha wenyewe.

Ombi langu ni dogo. Sizni nyingine ikija, huyo kijana wenu, ambaye simjui na kalamu yake kwenye mpira naiheshimu, msimpe aangalie peke yake na simu mkononi. Mleteni Ngamiani. Kiti kipo, vitumbua vipo, umeme safari hii nanunua mapema, na ataketi karibu na yule mama wa mlangoni, akiona kanyamaza ajue pana kitu, akiona karudi jikoni basi naye achungulie simu yake.

Na wewe Hamisi wa mjomba, gazeti hili najua unalisoma maana huwa naliona limekunjwa mfukoni mwako tukitafuta viatu. Suti haikuwa ya mzee na haikuwa yako. Daftari liko hapa, ukurasa nimeukunja pembe. Mzee Idi hii kaivaa tena, mikono imempita vidole, nilishamwambia ailete niipandishe anakataa, anasema ndivyo marehemu alivyomkadiria.

Fundi,
Ngamiani, Tanga